Wifi Yangu na Viazi vya Msituni

Wifi yangu alifika kwetu asubuhi moja ya kiangazi, miguu ina vumbi mpaka magotini, kichwani mzigo uliofungwa kwa kaniki, mkononi kibuyu cha asali. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Sikuwahi kumwona kabla ya siku ile, kwa sababu harusi yetu ilifungwa Tabora mjini na yeye wakati huo alikuwa ameolewa mbali, upande wa Ipole, kwa watu wa mizinga ya nyuki. Sasa alikuwa ameachika. Nikampokea mzigo, nikapiga goti.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," akasema. Akanitazama tumboni kwanza, halafu usoni.

Nilikuwa na miaka mitatu katika ndoa na sikuwa na mtoto. Nadhani wivu ulianza pale pale, kabla hajapewa kigoda.

Tulikuwa tukiishi kijiji cha ndani, mwendo wa nusu siku kutoka stesheni ya Igalula, kando ya njia ambayo zamani ilipitiwa na misafara. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni, darasa moja la udongo na banda la nyasi pembeni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mvua ilikuwa imekosa mwaka wa pili mfululizo. Mtama ulikauka ukiwa wa kimo cha goti. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo kila nyumba huweka akiba, ilikwisha kabla baridi haijapita. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kukata katani huko Tanga, na waliobaki walikaa vibarazani wakitazama mawingu yanayopita bila kusimama.

Boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, lilikuwa linatuma unga wa njano kwa treni mpaka Igalula, na kutoka pale uliletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu chini ya mtemi, alipouliza nani anajua kusoma na kupima, ili watoto wapikiwe uji kila adhuhuri pale bandani, mume wangu alisema, "Mke wangu." Basi nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha unga.

Lazima niseme ukweli kuhusu ufunguo ule. Niliufunga kwenye pindo la kanga, nikawa naugusa kila mara. Kijijini pale mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi niliitwa tu mke wa mwalimu. Halafu nilizaliwa mjini, baba yangu fundi seremala, nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kinyamwezi changu kilikuwa cha kuombea maji. Wanawake walikuwa wananiheshimu, lakini wakiwa na la kuchekea walinisubiri nipite kwanza. Nilipoanza kugawa uji, watoto wakaniita Mama Uji. Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa nikilisikia jina lile likiitwa toka njiani, moyo unajaa.

Siku ya pili baada ya kufika, wifi alikuja bandani. Akasimama nyuma ya foleni kama mtoto, akaomba nusu kata, akaonja. Akatia tena kinywani, akatafuna ingawa hapakuwa na cha kutafuna.

"Wifi," akasema, "uji huu unajaza tumbo. Lakini mtoto hapati kitu."

"Ndio unga walioleta," nikamjibu.

"Nimeona ndio walioleta. Na miti je?"

Sikumwelewa. Kesho yake aliondoka alfajiri na wanawake wawili, wakarudi na vikapu vya mbula. Mbula nilikuwa naijua kama tunda la kuokota njiani, la unga unga, tamu kidogo, lenye kokwa ngumu ambayo mtu huitema. Wifi aliketi chini, akavunja zile kokwa kwa jiwe, moja moja, akatoa viini, akavitwanga mpaka vikatoa tui jeupe lenye mafuta. Akalimimina kwenye uji wangu. Akatia na maji ya ukwaju. Harufu ikapanda, na watoto waliokuwa wamelala kwenye kivuli wakainuka wenyewe.

Walikula wakarudi kulamba chungu. Hawakuwa wamewahi kulamba chungu changu.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, kama miaka mitatu, aliyeletwa kila siku na bibi yake. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake yuko katani. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu, nyepesi kama ndevu za mahindi, na miguu imevimba hata ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hakutaka kula. Siku kumi nzima nilikuwa nikimpakata, nikimwimbia nyimbo za kanisani, nikimtilia uji mdomoni tone kwa tone, naye akiuacha utiririke kidevuni. Bibi yake alinishukuru kila siku kwa kujaribu. Nilikuwa nimeshajiambia moyoni kwamba siku atakapomeza, atakuwa amemeza kutoka mkononi mwangu.

Wifi alichovya kidole kwenye asali, akakipitisha kwenye fizi za yule mtoto. Wala hakuimba. Alikuwa anazungumza na bibi kwa Kinyamwezi, mambo mengine kabisa, wanacheka, kama vile mtoto hayupo. Mtoto akanyonya kidole. Wifi akachovya kwenye tui la mbula. Akanyonya. Baadaye akafungua kinywa mwenyewe.

Wote pale bandani walipiga vigelegele. Nami nilipiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, maana niliogopa mtu asije akanitazama usoni.

Toka siku hiyo mtoto yule akifika alikuwa anashuka mgongoni kwa bibi na kwenda moja kwa moja kwa wifi. Watoto wote wakamwita shangazi. Mimi nilipima unga, nikakoroga, nikaosha vyungu, na yeye ndiye aliyekuwa shangazi. Nyumbani mume wangu alikuwa akisema, "Dada ana mkono wa watoto, toka zamani," akila mchicha wa porini ambao mimi niliupika na dada yake aliuchuma. Sikumbuki kama aliwahi kusifu kukoroga kwangu. Labda alisifu. Wivu hausikii sifa zake wenyewe, husikia za mwenzie tu.

Siku moja Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kwa lori kukagua, pamoja na karani wake. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, ufunguo mkononi, na daftari la magunia nimeliandika vizuri kwa kalamu ya wino. Karani akawauliza watoto kwa niaba ya mzungu, "Nani anawalisha hapa?" Mikono yote ikaelekea kwa wifi, aliyekuwa amechuchumaa na kaniki yake, anavunja kokwa. Bwana Shauri akamwendea, akainama, akamwomba amwonyeshe kiini. Wakaongea muda mrefu kupitia karani. Mimi nilisimama na daftari mpaka mikono ikatoka jasho. Aliliona wakati wa kuondoka. Akalifungua, akalifunga, akasema, "Vizuri."

Baada ya ziara ile unga ukachelewa. Magunia yalikuwa yamefika Igalula, tukaambiwa, lakini ng'ombe wa mikokoteni walikuwa wamekonda hawawezi kuvuta, na wengine wamekufa kwa kukosa malisho. Waliokuwa na baiskeli walijaribu kwenda, wakarudi na vifurushi vya unga visivyotosha siku tatu. Mbula za karibu nazo zilikuwa zimeanza kwisha.

Wifi ndipo akataja viazi vya msituni. Vilikuwa vinajulikana kijijini, ila kwa jina baya. Ni viazi vikubwa, vichungu, na vina sumu. Wazee walisimulia juu ya watu waliovila njaa ikiwazidi wakafa. Wifi alisema kwao Ipole kila mwanamke anajua kuvitengeneza. Akawachukua wanawake kumi hivi, wakaenda kuchimba. Wakarudi, akawafundisha: menya, katakata vyembamba, tia kwenye vikapu, zamisha kwenye dimbwi tulilochimba mchangani mtoni. Siku tatu, usiku na mchana, na maji yabadilishwe kila asubuhi. Siku ya nne anika. Vikikauka, twanga.

"Siku mbili?" mke wa mhunzi akauliza. "Maji yenyewe tunayagombania."

"Siku mbili unamzika mtoto," wifi akasema. "Tatu."

Unga ule ulikuwa mweupe, hauna ladha, lakini ulishika tumbo. Wifi aliula wa kwanza, mbele ya watu wote, akangoja kutwa nzima ndipo akawapa watoto. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, watoto walikula, wakacheza. Nilianza kuwaona wakikimbia tena. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaona wakikimbia nikasikia uchungu.

Siku ya nne wifi alikwenda msituni, nikabaki bandani peke yangu. Yule mtoto wa nywele nyekundu alikuwa pale. Nikamchukua nikamweka mapajani. Alimtafuta wifi nyuma ya bega langu, hakumwona, akatulia. Nikampa uji. Akala! Nikampa tena. Akala. Nilifurahi kama mwehu. Nikampa kata ya tatu, ya nne, naye alikuwa anageuza uso, nami namrudisha kwa kidole kwenye shavu, "Kula, mama, kula kwa Mama Uji," mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma. Muda si muda akatapika vyote, kwangu na kwake, akalia mpaka sauti ikakauka. Bibi yake akamchukua, akaenda naye nyumbani.

Jioni, jua bado lipo, nilikuwa mtoni kwenye visima vya mchanga. Mke wa mhunzi akaja na ndoo yake. Alikuwa ndiye mwanamke pekee aliyependa kuongea nami Kiswahili.

"Nasikia mtoto wa yule bibi ametapika leo," akasema. "Amepatwa na nini?"

Ningeweza kumwambia nilimshindilia. Maneno yale yalikuwa mdomoni.

"Mimi sisemi kitu," nikajibu. "Ila amekula ule unga wa msituni."

Akasimama na kata mkononi. "Wa wifi yako?"

"Sisemi kitu," nikarudia. "Watu wa Ipole wanajua mambo yao. Na mume hakumwacha bure."

Hayo tu. Nilipandisha ndoo kichwani nikaenda zangu, shingo imenyooka, nasikia wepesi kama mtu aliyetua mzigo. Wepesi ule nilikaa nao mpaka nikalala.

Asubuhi yake walikuja watoto wachache. Siku iliyofuata wakaja wanne. Wanawake walikuwa wameopoa vikapu vyao mtoni na kumwaga viazi mchangani. Wifi alivikuta vimetapakaa juani, akaviokota, akavirudisha majini. Alipowapita wanawake njiani akaamkia, "Mwangaluka," hawakuitikia, wakawavuta watoto wao nyuma ya nguo. Neno langu lilikuwa limeshapita nyumba kwa nyumba, na kila lilipopita liliongezewa: kwamba mumewe alimkuta na mizizi chini ya kitanda, kwamba huko Ipole amekwisha kuzika wawili. Mimi sikuyasema hayo. Lakini mbegu ilikuwa yangu.

"Kuna nini?" wifi akaniuliza nyumbani.

"Sijui," nikasema. "Watu wa hapa ndivyo walivyo."

Unga wa boma haukuja. Watoto walikaa majumbani. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, tukasikia yowe nyumbani kwa mhunzi.

Mke wa mhunzi alikuwa na watoto wawili, wa miaka minne na miaka sita. Alikuwa ameogopa unga wa wifi, lakini njaa haiogopi, na viazi alikuwa anajua vinapoota. Basi akachimba vyake mwenyewe, akaviloweka kwenye chungu usiku mmoja tu, akapika. Tulipofika, yule mkubwa alikuwa anapepesuka uani kama mlevi, udenda unamtoka, anaita mama yake naye yuko mbele yake. Mdogo alikuwa chini, macho yamegeuka, mwili unamtetemeka.

Wanawake walisimama mlangoni wakilia. Wifi aliwapita katikati. Hakuna aliyemzuia. Akauliza, "Umeloweka siku ngapi?" Mama mtu hakuweza kujibu, akaonyesha kidole kimoja. Wifi akamlaza mdogo kwa ubavu, akamtia vidole kooni akamtapisha, akamgeukia mkubwa akafanya hivyo hivyo. Akaagiza maji. Akakaa nao pale chini, mmoja kila paja, anawafuta, anawageuza wasipaliwe, anawatilia maji kijiko kwa kijiko. Jua likapanda, likapinda. Hakuinuka hata kunyoosha mguu. Mimi nilikuwa nachota maji na kuleta, nachota na kuleta, na kila nilipoingia mke wa mhunzi alikuwa ananitazama, macho makavu.

Jua lilipokuwa linashuka, mdogo akaacha kutetemeka na kulala usingizi wa kweli. Mkubwa akaomba uji.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: wanawake walikuwa wamemwacha wifi. Na hata dakika ile, naona aibu kuyaandika haya, nilimwona amekaa na watoto wale mapajani nikasema moyoni, kwa nini iwe yeye tena?

Kesho yake mwanangwa akawaita watu wote bandani kuulizana. Watoto wa mhunzi walikuwa wamepona, wamekaa pembeni na mama yao. Mwanangwa akasema anataka kujua maneno haya ya uchawi yalianzia wapi. Mke wa mhunzi angeweza kunitaja, hakunitaja. Alisubiri. Nadhani kusubiri kwake ndiko kulikoniinua.

Nikasimama. Nikasema kwa Kinyamwezi changu kibovu, ili wasikie wote, kwamba yule mtoto hakutapikishwa na unga wa wifi. Nilimlisha mimi kupita kiasi, kwa mikono yangu. Nikasema nilijua hivyo nilipokuwa kisimani, na bado nikasema nilichosema. Mwanamke mmoja akauliza, "Kwa nini?" Neno la wivu kwa Kinyamwezi sikulijua. Nikalisema kwa Kiswahili. Wakalielewa.

Mke wa mhunzi akatema mate chini. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanangwa akaninyooshea mkono nimpe ufunguo, nami nikaufungua kwenye kanga, nikampa. Akampa wifi.

Wifi aliutazama ufunguo ule kiganjani. "Mimi sijui kusoma magunia," akasema. "Mrudishieni." Kisha akanigeukia. "Umemaliza kusema?"

"Nimemaliza."

"Basi njoo tukaangalie vikapu. Leo ni siku ya tatu."

Hata wema ule niliuonea wivu. Mimi nisingeweza kuufanya.

Tulipokuwa mtoni wawili tu, nikamwomba msamaha. Alikuwa anakamua maji kwenye vipande vya viazi, hakuinua macho.

"Walikuwa wananiita mchawi, wifi. Unajua mchawi hufanywa nini?"

"Najua."

"Nikikusamehe nitakuambia."

Watoto wakarudi bandani. Unga wa boma ukafika baadaye kidogo, safari hii umebebwa na vijana wa vijiji vya njiani, na tukauchanganya na wa viazi mpaka mbingu zilipofunguka. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki nzima. Wifi akasema anarudi Ipole kwa kaka zake, akalime kabla ardhi haijashiba maji. Yule bibi alikuwa amechoka na anaumwa kifua. Akamwomba wifi amchukue mtoto, baba mtu akirudi kutoka katani atamfuata. Wakakubaliana mbele ya mwanangwa. Hakuna aliyeniuliza mimi kama ningemtaka. Ningemtaka.

Niliwasindikiza mpaka njia panda. Mtoto alikuwa mgongoni kwa wifi, nywele nyeusi zimeanza kuota chini ya zile nyekundu, na hakugeuka kunitazama. Wifi akanipa mkono, akaniambia nimtunze kaka yake. La msamaha hakusema. Tuliishi miaka mingi baada ya pale, tulikutana kwenye misiba na harusi, alinipokea vizuri, alinipa asali ya kubeba. Hakuniambia mpaka anakufa.

Njaa haiishi mvua inaponyesha. Ndipo inapokuwa kali, mpaka mazao yakomae. Kwa hiyo siku iliyofuata nilikuwa bandani kama kawaida. Nilivunja kokwa za mbula za mwisho, nikajiponda na vidole, nikatwanga viini, nikatia ukwaju. Mke wa mhunzi alileta watoto wake, akasimama mbali, akangoja nionje mimi kwanza. Nikaonja. Watoto wakapokea, wakanywa.

"Shangazi yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Amekwenda kwao."

Akanywa tena, akafikiri. "Wake ulikuwa mtamu kuliko huu."

"Ni kweli," nikamwambia. "Lete bakuli nikuongeze."